Mtungi wa Qamar

Mwanamume mgeni aliingia katika kliniki ya uzazi kule Makadara na kisu cha kuchinjia mbuzi, akaufunga mlango kwa teke na kuutia komeo.

"Dada, leta hivyo viinitete mlivyogandisha," alimwambia Jacky, fundi wa maabara. "Binti yangu amevunjika uti wa mgongo. Nimesikia seli za viinitete zinatibu."

"Bado ni utafiti, baba. Hata nikikupa, hakuna daktari wa kumtibu nazo."

"Acha usomi! Unalinda kitu kidogo kuliko punje ya chumvi, na Waithera wangu anaoza kitandani?"

 Jacky alijua tu kwamba viinitete vile, mimba za siku chache tu, ni vya Qamar, mjane ambaye bado hajaamua la kuvifanyia, na kwamba yeye Jacky alikuwa amemwahidi: "Hakuna atakayevigusa. Kila Ijumaa mimi mwenyewe nitaujaza mtungi wake naitrojeni ya kuvigandisha."

Akasimama mbele ya mtungi. Kisu kikamchana kiganja hadi mfupani. Yule mtu akamsukuma ukutani, akang'oa kifuniko, akatumbukiza mkono mtupu ndani ya naitrojeni, kimiminika baridi kuliko barafu. Yowe lake lilisikika hadi barabarani. Jacky akamvuta kwa mkono wake mzima. Vidole vya yule mtu vilitoka bila kitu, vyeupe, vigumu kama mshumaa. Akaanguka sakafuni akiliita jina la bintiye.

Majirani walivunja mlango, wakataka kumkimbiza Jacky hospitalini.

"Ngojeni kidogo," alisema.

Mtungi ulikuwa wazi ukitoa moshi, na siku ilikuwa Ijumaa. Akafunga kiganja kwa leso, akavaa glavu nene juu yake, akamimina naitrojeni polepole, damu ikimjaa ndani ya glavu, mpaka mtungi ukajaa.