Kimo cha Pikapu ya Hamze

Haya, wewe unayenisikiliza, nikutegee hiki kabla chai haijapoa. Nina mnyama wangu, ukimtwika mzigo hupiga magoti ya nyuma peke yake, na goti hana hata moja. Nani huyo?

Usiniambie ngamia. Ngamia huanza na magoti ya mbele, hata mtoto wa Garissa anajua. Umeshindwa? Basi nipe Ijara yote na mifugo yake, nami nitakwambia. Ni pikapu ya mwanangu Hamze.

Hamze ndiye kitinda mimba wangu. Wakubwa wake walishatawanyika: Kowsar yuko Mombasa kwa mumewe, Abdikarim alivuka bahari, na baba yao tulimzika mwaka wa ule ukame. Nyumba yetu ya Bulla Iftin ina vyumba vinne. Siku hizo vyumba viwili vilikaa mikeka na vumbi, na sauti pekee isiyokuwa yangu ilikuwa ya Hamze, akikohoa asubuhi huku anatafuta viatu vyake.

Kazi yetu ilikuwa maziwa ya ngamia. Mimi nilifukiza mitungi kwa vijinga vya moto ili maziwa yasiharibike njiani. Yeye aliipakia nyuma, kisha mimi nikakaa mbele kando yake, akanipeleka sokoni nilipouzia, kando ya Timiro, muuza maziwa mwenzangu. Akishaniteremsha alishika njia ya kusini, upande wa Ijara, kwa wafugaji, akarudi alasiri na maziwa. Safari yangu mimi ilikuwa fupi. Wimbo mmoja wa redio ungeanza nyumbani, tukafika kabla haujaisha. Lakini hapo ndipo nilipoongea maneno yangu ya siku nzima. Sokoni unauza tu, unabishana, unafukuza nzi. Mle ndani ya pikapu nilikuwa namtegea mwanangu vitendawili na yeye anajifanya hajui, anasema, "Ah, hicho kigumu, hooyo," yaani mama, na kumbe nilimtegea hicho hicho tangu ananyonya.

Halafu zikaja zile mvua za mwaka wa tisini na saba. Wewe kama ulikuwa umezaliwa unazikumbuka. Zilipokwisha, barabara ya Ijara ilikuwa imebaki mifereji miwili iliyochimbwa na malori, na katikati tuta gumu kama mgongo wa mamba. Pikapu ikirudi na maziwa na watu na mbuzi wao, nyuma imeketi chini kabisa, tumbo linalikwaruza lile tuta. Ekzosi iling'oka, ikafungwa kwa waya, ikang'oka tena. Siku moja akirudi ilikwama juu ya tuta tangu adhuhuri, magurudumu yanazunguka hewani, na maziwa yote yakaharibika. Tuliwapa mbwa.

Jioni ile Hamze akasema, "Naenda kwa fundi Ogle aiinue pikapu."

Nikamwuliza, "Unaiinua ufike wapi?"

Alikuwa na kikombe mkononi. Akapuliza chai, na chai yenyewe ilikuwa imeshapoa.

"Tutaona, hooyo," akasema, akatoka nje.

Unaona? Kama ni Ijara angesema Ijara. Nilijua ananificha kitu, na kitu chenyewe soko zima lilikuwa linakijua. Kesho yake Timiro akaniegemea begani kama dada.

"Abaayo, mwanao anauliza madereva habari za barabara ya Habaswein. Huko kuna mbuzi gani ambaye hapa hayupo?"

"Mbuzi ni mbuzi," nikamjibu.

"Huyu ana hina miguuni, na mama yake anauza chai pale malori yanaposimama. Anaitwa Nafiso."

"Pima maziwa yako, Timiro."

Nikapima yangu nikayamwaga nusu. Habaswein iko mbali kaskazini, si hapo kwa jirani. Mtu akihamia huko hanipeleki tena sokoni asubuhi, na vitendawili nitaitegea mitungi.

Gereji ya Ogle iko mkabala na soko la maziwa, kwa hiyo siku Hamze alipoipeleka pikapu na mimi nilivuka barabara nikakaa juu ya gurudumu kuukuu nisikilize. Ogle ni mtu wa maneno makali na mkono mwepesi. Alilala chini ya gari, tukawa tunaongea na miguu yake.

"Niiinue inchi ngapi?"

"Nne," akasema Hamze. "Kama pikapu zile za Wajir."

"Nne! Unataka kuchuma mawingu?" Akatoka chini ya gari, uso mweusi kwa grisi. "Sikiliza, walaal, ndugu yangu. Hizi bapa za springi zimechoka. Nikiongeza bapa moja nyuma, mbele nikakaza kidogo, inapanda inchi mbili na gari inabaki kuwa gari. Nikipandisha nne inakuwa ngamia mwenye kizunguzungu. Kwenye kona inalala, shafti inalia, tairi zinalika upande mmoja, mpira wa breki unavutika. Wenzako wana hizo nne, sawa, lakini kila wiki wako hapa kwangu. Wewe unaendesha kila siku."

"Na kwa mbili nafika Habaswein?"

Akalitaja mwenyewe, mbele yangu, bila kunitazama.

"Kiangazi, unafika na chai yako haijamwagika."

"Na mvua?"

"Mvua ikinyesha, kwa mbili unakaa ulipo mpaka udongo ukauke. Kwa nne, labda utapita. Nimesema labda."

Ogle akasema gari hupimwa na mzigo wake, ikiwa tupu inadanganya, kwa hiyo ashushe mlango wa nyuma apakie mitungi ya maji. Hapo ndipo lilipotokea kosa letu la Garissa. Hapa kwetu pikapu iliyoshushwa mlango wa nyuma haiulizwi habari. Timiro aliiona toka ng'ambo ya barabara, akakusanya mali yake na beberu wake, akapanda. Wenzake wakamfuata mbio. Kabla Ogle hajanyanyua kijiti chake cha kupimia, walikuwa wamejaa, wamekunja miguu, mmoja ameshafungua tende.

"Inaenda wapi?" ndipo Timiro anauliza, ameshakaa.

"Haiendi!" Ogle akapiga kelele. "Inapimwa!"

"Basi tutangoja imalize kupimwa."

"Teremkeni!"

"Wewe, mimi nimeshapata nafasi nzuri. Nikiteremka nani atanirudishia?"

Ogle akashika kiuno, akawatazama, akamtazama beberu, akacheka mwenyewe. "Kaeni hivyo hivyo," akasema. "Mzigo wa kweli ndio huu." Akainama akapima toka gurudumu mpaka bodi, akakata kijiti chake kwa kisu.

Kisha akataka tuione hiyo nne kwa macho. Akawashusha wale kwa matusi na vicheko, akapanga mbao mbilimbili chini ya kila gurudumu, Hamze akaipandisha pikapu juu yake taratibu. Ikasimama pale kama kitanda cha bibi harusi.

"Abiria wa kila siku ni nani?" akauliza Ogle.

"Hooyo," akasema Hamze.

"Basi apande yeye. Hizi si za kuangalia tu."

Nikasimama mbele ya ule mlango. Goti langu la kulia halijawa zuri tangu nilipoanguka kisimani. Nilijua neno moja tu lingetosha. Ningesema "goti limekataa," na pale pale ingekuwa imekwisha, Hamze angebaki na mimi na mifereji ya Ijara. Neno lilinifika mpaka kwenye meno. Lakini mama awe jiwe mbele ya gurudumu la mwanawe? Nikashika mlango, nikatia mguu.

"Sukumeni ayeeyo!" akaita Timiro, kunitania kuwa bibi kizee, na mikono ikanijia kiunoni.

"Shika mlango, abaayo, wacha kushika mtandio!"

"Moja kwa moja mpaka Maka!"

Nikaingia. Nikakaa. "Nimepanda," nikasema, na pumzi haipo.

Kule juu niliona mbali. Niliona juu ya nyua za watu, mapaa ya mabati, na barabara ya kaskazini nyeupe imenyooka haina mtu. Kiti cha dereva kando yangu kilikuwa kitupu. Nikaweka kiganja juu yake, kilikuwa cha moto kwa jua.

Hamze alisimama chini, akiuangalia mkono wangu mwingine ambao ulikuwa bado umeng'ang'ania mlango.

"Haya, teremka, hooyo."

Kupanda nilipanda. Kuteremka ndiko kulikonishinda. Nilishusha mguu ukatafuta ardhi, ardhi haikuja, nikaurudisha. Nikaushusha tena. Hamze akaja, akanishika kwapani, akaniweka chini kama mtu anavyomtoa mtoto juu ya ngamia. Hakuniachia mara moja. Nilisikia moyo wake unavyopiga.

"Mbili," akamwambia Ogle.

"Umeamua?"

"Nimesema mbili."

Ogle akafanya kazi mpaka adhana ya alasiri. Mimi nilirudi kwenye maziwa yangu, na Timiro akanibana mkono, akaninong'oneza, "Umemshinda wa hina." Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikaa vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine.

Asubuhi nikafukiza mitungi kama kawaida. Pikapu ilikuwa imesimama wima mlangoni, nyuma haijaketi tena. Nikashika mlango, mguu mmoja, wa pili, nimeingia. Hakuna aliyenisukuma. Tukaondoka. Kwenye shimo la kona ya msikiti, ambalo kila siku lilikuwa linatugonga, tulipita laini.

Nikamtegea kimoja chepesi. Hakusema kigumu, alitazama barabara tu. Redio ilikuwa imezimwa. Tukafika sokoni na badala ya kuzunguka anifungulie mlango, akazima injini, jambo asilolifanya hata siku moja, akakaa na mikono juu ya usukani. Timiro alitupungia toka kwenye mitungi yake. Sikumpungia.

"Hooyo, siku ile uliniuliza naiinua nifike wapi."

"Nilikuuliza."

"Habaswein," akasema. "Baada ya Idi nahamia huko. Kiangazi nitakuwa nakuja, nikupakie kwenye kiti hicho ulichokalia. Mvua ikinyesha, usiningoje barabarani."