Jina Moja, Mashine Mbili

Nilikuwa nanakili jedwali la ng'ombe kwenye disketi ya pili, maana sigusi kilichoharibika kabla ya kuweka nakala kando, Bwana Mwirigi alipoingia kuuliza kama nimeshamwondoa karani Nkirote kwenye kompyuta.

Mwirigi alikuwa meneja wa ushirika wa maziwa ulioniita kutengeneza kompyuta yao. Tangu Ijumaa, sehemu kubwa ya jedwali ilikuwa takataka: palipoandikwa fahali aliyemzaa kila ng'ombe palijaa alama zisizosomeka. Bila majina hayo mpandishaji angeweza kumpa mtamba mbegu ya baba yake mwenyewe. Kompyuta ilionyesha kuwa wa mwisho kuandika alikuwa Nkirote. Mwirigi alitaka anyimwe ruhusa ya kuandika, arudi getini kupima maziwa. Nkirote alikuwa palepale, anakunja kitambaa cha kufunikia mashine.

Niliomba muda kidogo, nikafungua kumbukumbu za walioingia Ijumaa. Jina la Nkirote lilikuwa kwenye mashine ya ofisini na ile ya stoo ya mbegu, wakati mmoja. Programu ile humzuia mtu wa pili kugusa mstari unaoandikwa, lakini ikiona jina lilelile hudhani ni mtu yuleyule, huwaacha wote wawili waandike, na maandishi yao hugongana.

Nilimuuliza Nkirote ni nani mwingine analijua neno lake la siri. Akasema ni Mzee Njura, mpandishaji. Njura ni wa rika la baba yake, na kwa Wameru huyo ni baba pia.

"Ningemwambia baba angoje mlangoni nikiandika neno la siri?" aliniuliza.

Mwirigi akavuta kiti, akakaa. "Hata mimi nisingeweza," alisema. "Mwambie wewe. Wewe ni Mwembu, ukitukanwa kwa Kimeru huelewi."

"Naelewa yote," nilisema. "Huwa najifanya tu sielewi."

Njura alipoitwa nilimweleza kuwa sasa ana jina lake mwenyewe la kuingilia kwenye kompyuta. Jedwali la ng'ombe atalisoma tu. La upandishaji ataliandika.

"Yaani ng'ombe nimpandishe mimi, ndama nisimwandike?"

"Ndama ataandikwa na Nkirote, mzee."

Alimtazama Nkirote, kisha akanigeukia. "Na maandishi yangu, huyu anaweza kuyabadilisha?"

"Hawezi. Atayasoma tu."

"Hapo sawa. Lakini mafahali wa hao walioharibika nawajua mimi, si mashine. Huyu msichana akae nami aandike."

Mwirigi akainuka. Aliniambia nimwachie Nkirote ruhusa yake, nimpe nafasi ya kuweka neno jipya la siri. Nkirote alisubiri tutoke mbele ya mashine ndipo akaliandika.

Wakati wa kufunga ofisi ulifika tukiwa tumerudisha kumbukumbu za ng'ombe wa eneo la Kianjai peke yao. Za wale wa eneo la Muthara zilikuwa bado takataka, na Njura alikuwa amekwisha kuanza kubishana na Nkirote kuhusu mtamba mmoja mwekundu. Niliwaambia huyo tutaanza naye asubuhi, nikazima mashine.