Ndama wa Mayenzi

Arusi ilikuwa Columbus, na aliyemkatia Mukansanga hamu ya maziwa alikuwa mzee mmoja wa suti ya kijivu, aliyetoka Kenmore, huko kando ya Buffalo, kuja kula wali wa watu.

Ilikuwa saa ya kusifu ng'ombe wa mahari. Kwao, milima ya Kivu, kila ng'ombe ana jina na sifa zake, na msifu akinyamaza katikati, anayezijua humalizia. Msemaji wa bwana arusi alinyamaza. Yule mzee akadakia, utadhani ulimi ulikuwa unamwasha.

Mukansanga akaweka kikombe chini. "Umutoni, hiyo sauti ni ya Rutayisire."

"Mama, humu ukiita Rutayisire watasimama watano."

"Rutayisire wa kasho."

Binti yake, aliyetania watu wote kwenye ghala alikofanya kazi Louisville, mpaka wakubwa wa kazi, akauacha utani, akageuza kiti amwone. Wanajeshi wa kigeni walipoikalia Karumbi, kijiji cha akina Mukansanga, wakati wa vita, Rutayisire ndiye aliyewatawalia. Ufunguo wa kasho, chumba cha kufungia watu, ulining'inia kiunoni mwake. Gatera, baba yake Umutoni, aliingia humo, hakutoka.

Mukansanga hakungoja. Alipeleka habari serikalini, na mwaka uliofuata, 2015, Rutayisire akashtakiwa Buffalo: alipoomba kuingia Marekani aliapa kwamba hakuwahi kushika cheo wala kukanyaga Karumbi. Mashahidi wengine waliogopa. Akabaki mama peke yake, dhidi ya mtu ambaye sasa alikuwa mzee wa kanisa.

Simu za watu wa kwao zikamiminika nyumbani kwake, mtaa wa Beechmont, Louisville. "Mama, samehe tu."

"Bon, nitasamehe. Kwanza akubali alikuwako. Asiyekuwako namsamehe nini?"

Usiku wa safari ya kwenda kutoa ushahidi Buffalo ndipo Umutoni alipokumbuka arusi. "Mama, zile sifa za Mayenzi, ng'ombe wa Baba, nani anazijua?"

Mukansanga alifikiri. Mayenzi alipozaa, yeye ndiye aliyempelekea Gatera habari kwenye dirisha la kasho. Gatera akatunga sifa papo hapo, akizirudia kwa sauti, mlinda ufunguo akisikiliza mlangoni. "Mimi, wewe, na marehemu."

"Na mwenye ulimi unaowasha. Donc, kesho ukizisema, usimalize."

Mahakamani Rutayisire alikaa kimya kama mtakatifu wa kuchongwa. Wakili wake alimuuliza Mukansanga anakumbuka nini hasa, baada ya miaka yote hiyo.

"Nakumbuka alichosema mume wangu dirishani." Akanyoosha mkono, kama mtu anayeonyesha zizi. "Mayenzi wa Gatera, pembe zilizofungua mawingu, asiyenywa maji yaliyokanyagwa. Bwana wake amefungwa, yeye hakufungwa. Amelala mbele ya mlango wa adui, akazaa..."

Akanyamaza.

Jaji alingoja. Karani alingoja. Umutoni aliutazama mdomo wa Rutayisire.

"Jike," akasema Rutayisire. "Jike lenye nyota usoni."

Mkalimani, mtu wa kazi yake, akatafsiri yote, na nyota pia. Wakili akageuka kumtazama mteja wake. Rutayisire alikuwa ameshafunga mdomo kwa kiganja.

"Ndiyo, jike," akasema Mukansanga. "Nyota yake nilimwambia Gatera peke yake, pale dirishani. Na wewe ulisimama mlangoni, ufunguo mkononi."

Siku baraza la waamuzi lilipomkuta na hatia, Umutoni alimshika mama mkono kwenye ngazi za mahakama.

"Haya, Mama. Sasa utamsamehe?"

"Mwanangu, tulia. Jaji hajasema kifungo."