Usimwachilie

Muhonja hakumshika mwanawe kiganja. Alimshika kifundo cha mkono, akakibana kwa vidole vyote vitano. Lori lililobeba nondo lilipita mbele yao likiitikisa ardhi, na vumbi likawapiga usoni.

"Mama, unaniumiza," Triza alisema.

"Nyamaza. Angalia barabara."

Ndivyo walivyovuka kila asubuhi tangu barabara ya mbele ya shule iwekwe lami mpya na matuta yake yote mawili yaondolewe. Mafundi waliahidi kuyarudisha. Mwezi wa tatu ulikuwa unakatika, na lami ilibaki nyeusi tii, bila hata mstari mmoja mweupe wa kuwaonyesha watoto mahali pa kupita. Madereva waliotoka viwandani katika mtaa wa Baba Dogo walipofika hapo walikanyaga mafuta, kufidia muda walioupoteza kwenye foleni. Triza alikuwa na miaka saba. Mama yake alikuwa ameanza kuota matairi.

Jumatano hiyo Sylvance, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha plastiki alichofanyia kazi Muhonja, alimsubiri langoni. Hakufoka.

"Umechelewa mara nne ndani ya wiki mbili, dada. Mimi nami nina wakubwa wangu. Kesho saa moja kamili lango litafungwa, na atakayebaki nje asirudi tena."

Jioni Muhonja, akiwa na Triza, alibisha kwa jirani yake, Nthoki, muuza mboga. Walikuwa wameishi mlango kwa mlango tangu Triza akitambaa. Nthoki alimsikiliza, akacheka kidogo.

"Hilo tu, Mama Triza? Ndindi atamvusha. Yeye na barabara hiyo wamezoeana."

Ndindi alikuwa binti yake wa pekee, msichana wa miaka kumi, mwembamba, mtulivu. Muhonja aliinama hadi macho yao yakawa sawa.

"Ukimshika mkono, usimwachilie. Hata iweje. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Nawe ukiona lori, rudi nyuma. Usingoje kuambiwa."

Kesho yake aliingia kiwandani dakika kumi kabla ya wakati. Mashine zilikuwa bado hazijashika kasi, na ndiyo maana alisikia breki. Zililia kwa muda mrefu, kisha ukafuata ukelele wa mwanamke barabarani. Muhonja hakumuaga mtu. Sylvance alimwita mara moja tu, kisha akamwachia njia.

Mita mia mbili hadi shuleni hazikwisha. Alikimbia huku akiona mbele yake sare, mkoba, nywele alizozisuka mwenyewe Jumapili. Alipasua umati kwa viwiko. Na hapo, kando ya lami, Triza alikuwa amesimama mzima, mdomo wazi.

"Asante Mungu!" Muhonja alipiga kelele akimkumbatia. "Asante Yesu, si wangu!"

Mwanamke mmoja aligeuka akamtazama, na mtazamo ule ndio uliomfanya ateremshe macho. Ndindi alikuwa amelala chini, mguu wa kushoto umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Hakuwa akilia. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama Triza," alisema, "sikumwachilia."

Mwenye gari dogo aliyekuwa akipita alijitolea kuwapeleka hospitali. Kichwa cha Ndindi kililala mapajani mwa Muhonja. Triza, aliyebanwa dirishani, alizungumza kwa sauti ndogo bila kuulizwa.

"Lori lilikuja, nikarudi nyuma kama ulivyosema. Ndindi alikuwa ameshatangulia. Angeniachilia mkono, angevuka. Akanirudia."

Muhonja alipitia moyoni maneno yake ya jana jioni, moja baada ya jingine. Yote yalikuwa ya Triza. Alitafuta neno hata moja alilomwambia Ndindi kwa ajili ya Ndindi mwenyewe, asilipate.

Nthoki aliwakuta kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, aproni bado kiunoni.

"Triza yuko salama?" aliuliza kwanza.

Swali hilo lilimchoma Muhonja kuliko tusi. Alimweleza alichosema daktari: mfupa umevunjika mara mbili, mtoto atapona, lakini itachukua muda mrefu. Angeweza kuishia hapo.

"Mama Ndindi, nilishukuru."

"Ulishukuru nini?"

"Nilipoona si Triza, nilimshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya watu. Nilikuwa bado sijamwona wako."

Nthoki aliutazama mlango uliofungwa. Muuguzi alipita na trei, akatokomea.

"Hata mimi ningeshukuru," Nthoki alisema hatimaye. "Lakini kwa sasa usikae karibu nami."

Muhonja alihamia benchi la pili. Walikaa hivyo mpaka mchana, kila mmoja akisikia kupumua kwa mwenzake.

Jumatatu alimvusha Triza, akamtazama hadi alipopotea ndani ya lango la shule. Saa ilikuwa imefika moja kasoro dakika tatu. Akiharakisha, angewahi kazini. Aligeuka aondoke. Ng'ambo ya barabara watoto kumi au kumi na wawili walikuwa wamesimama ukingoni, wakinyoosha shingo, wakisogea, wakirudi. Wengine hakuwahi kuwaona.

Hakukumbuka kuamua. Alijikuta katikati ya lami, mikono yote miwili juu, na mbele yake lori linakua. Breki zililia, harufu ya mpira ulioungua ikamjaa puani, na lori likasimama hatua chache tu kutoka kifuani mwake.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Wewe mama! Nani amekuweka hapo?"

Muhonja aliwaashiria watoto kwa kichwa wavuke. Walisitasita, kisha mmoja akaanza kuvuka, na wengine wakamfuata.

"Haya basi, wako ni yupi?" dereva aliuliza. "Avuke, nipite."

"Wangu ameshavuka," Muhonja alisema, wala hakushusha mikono.

Dereva alirudisha kichwa ndani, akazima injini.