Ngazi za Vernell

Kila Jumatatu ya tatu ya Januari, siku ya kumkumbuka Martin Luther King, watu wa kujitolea walikuja kupaka rangi uzio wa Ozella Gaines. Walikuwa wameupaka miaka minne mfululizo. Rangi ilikuwa nene hata lango halifungiki tena.

Mwaka wa tano Shemasi Pettway aliwaleta tena, watu tisa wenye fulana za namna moja juu ya makoti. Ozella aliwapa kahawa, kisha akawaambia uzio wake hauna shida. Waende nyumba ya pili, kwa Vernell Tubbs. Ngazi za baraza lake zilikuwa zimeoza, na Vernell mwenye goti bovu hakuwa ametoka nje tangu Novemba, hata kwenda kanisani.

Shemasi alijikuna kidevu. Mji mzima ulijua kwamba wanawake hao hawakuwa wamesemeshana kwa miaka kumi na mmoja. Wakiwa wasichana walikamatwa kwenye maandamano ya kudai haki za watu weusi, wakalala mahabusu chumba kimoja. Uzeeni wakagombana juu ya nani alianzisha wimbo mle ndani.

"Kwa hiyo mmepatana, dada?"

"Sijasema tumepatana. Nimesema ngazi zimeoza."

Wakang'oa mbao, wakapiga misumari. Vernell alifungua dirisha akauliza nani kawatuma. Shemasi hakuwa mtu wa kusema uongo, kwa hiyo alitazama mawingu, akajibu kwamba ni sikukuu ndiyo iliyowatuma.

"Sikukuu inalijuaje goti langu?"

Vernell aliangalia upande wa pili, akamwona Ozella amesimama kwenye nyasi na kopo la misumari. Akafunga dirisha.

Saa tisa ngazi zilikuwa tayari. Vernell akatoka na koti lake la kanisani, akashuka kiubavu, hatua moja moja. Nyuma yake wale watu wakazipaka ngazi rangi, maana walikuja nayo. Hakuweza kurudi kwake mpaka ikauke.

Ozella akamkaribisha jikoni, akampakulia kunde na mkate wa mahindi.

"Sikuja kumzika mumeo," Vernell akasema.

"Niliona."

"Nilikuwa nje ya kanisa, ndani ya gari. Mpaka mwisho."

Ozella akainuka, akamwongezea kunde.