Jina la Mume wa Hastamaya

Kambi nzima ya wakimbizi ya Beldangi ilijua kwamba Hastamaya hashindwi na neno. Mgawa mchele alimpunja siku moja, akasemwa mpaka akamwongezea kopo zima. Neno moja tu hakulitamka tangu aolewe: jina la mumewe. Kwao, mke akilitaja, humpunguzia mume siku za kuishi. Na huyo mume alibaki kifungoni kule Bhutan walikokimbia, huu mwaka wa kumi na saba. Kilichobaki kumlinda ni mdomo wa mkewe.

Siku ya mahojiano ya kuhamia Amerika, mkaza mwanawe Bishnu alimshika kiwiko mlangoni.

"Mama, leo usilete mizaha. Faili letu ni moja. Ukikwama wewe, tumekwama wote."

"Mimi na mizaha wapi na wapi?"

Ndani alikuwako afisa wa kizungu na kompyuta yake, na mkalimani Pabitra, binti wa hapo hapo mjini Damak.

"Jina la mume?"

"Baba Lokendra."

"Jina lake mwenyewe, bibi."

Hastamaya akaonyesha dirishani. "Yule anayeingia majumbani asubuhi bila hodi."

Pabitra akacheka. Jua, kwa lugha yao, ni surya. Akageuka kumjibia, lakini afisa akainua mkono: bibi atamke mwenyewe, la sivyo faili linawekwa kando. Kisha akachungulia nje, akasema kitu.

"Anasema haoni ila mawingu, bibi."

"Basi mwambie tuyangoje yapite. Mimi nina nafasi."

Safari hii hakucheka mtu. Mlangoni Bishnu alisimama na mtoto mgongoni, ingawa benchi ubavuni mwake lilikuwa tupu.

Hastamaya akavuta ncha ya sari mdomoni, kana kwamba nguo italichuja neno.

"Surya."

Afisa hakusikia. Hastamaya akaombwa arudie.

"Surya Bahadur."

Ikawa mara mbili.

"Yu hai au amekufa?"

"Alikuwa hai mpaka mliponiuliza."

Pabitra alimtazama. Kisha akamtafsiria afisa kwa neno moja tu: hai.

Hastamaya akapitisha kidole utosini, penye unga mwekundu wa mke ambaye mumewe yu hai, akakikagua kama bado kinashika rangi.

Nje Bishnu alimkimbilia. "Mama, tumefaulu?"

"Nyinyi mmefaulu," akasema, akampokea mtoto.