Kompyuta Isiyo na Kioo

Wendelin Ndunguru hakukusudia kueneza neno lolote. Jumapili moja ya mwezi wa tano, baada ya misa, alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake cha ufundi pale Mbinga mjini akiperuzi simu, akakuta habari kwamba kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa ikiandaa kompyuta ya mezani ya bei nafuu. Ni kiboksi tu, kidogo kuliko tofali, kinauzwa bila kioo. Mnunuzi anachomeka kwenye kioo alicho nacho, au hata kwenye televisheni ya sebuleni. Habari yenyewe ilijaa "huenda" na "inasemekana". Wendelin akajirekodi sauti, akaitupa kwenye kundi la kwaya, kisha akaenda kula.

Wiki ya tatu, Placidi wa Matiri alikuja kuchukua kompyuta yake iliyokuwa ikisubiri kutengenezwa.

"Bado, mzee. Kifaa chake hakijafika kutoka Songea," Wendelin alimwambia.

"Usihangaike, fundi. Nipe hivyo hivyo ilivyo. Mimi naisubiri ile mpya."

"Mpya ipi?"

"Ile isiyo na kioo. Serikali inaileta mwezi wa saba, bei ya kutupa. Ipo sauti inazunguka." Placidi akamtazama vizuri. "Huyo mtu anaongea kama wewe."

Baada ya Placidi wakaja wengine. Kabla mwezi wa sita haujaisha, mezani kwa Wendelin zilibaki simu tatu na redio ya mkunga mmoja. Hakuna aliyetaka kutengeneza kitu ambacho karibuni kingekuwa cha kale. Alirekodi sauti ya pili, akaeleza polepole kwamba hizo ni tetesi, kwamba serikali haihusiki, kwamba hakuna tarehe wala bei. Sauti ile haikufika hata Kigonsera hapo jirani.

"Mdomo wako ndio umefunga kibanda chako," mkewe Restituta alimwambia. Hakusema kwa hasira. Alikuwa ametoka shambani kuchuma kahawa tangu alfajiri, na alisema huku akivua viatu vya mpira, kama mtu anayetaja mvua.

Wendelin alikuwa na miaka arobaini na saba na mgongo wa mtu wa sabini.

Ndipo akaja Mwalimu Ottilia. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu mzito. Mama mmoja mfupi, mwenye mvi, alisimama mlangoni akiwa amevaa sweta la kiume lililomfika magotini. Alikuwa ametoka kijiji cha mbele ya Kihagara, kando ya ziwa, akalala Mbamba Bay kwa binamu yake, na sweta lilikuwa la huyo binamu.

"Shikamoo, mama," Wendelin akasema.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Wendelin? Nimeisikia sauti yako. Nikasema nije nimwone mwenyewe."

Alimpa stuli. Mama akaketi, akaeleza. Alikuwa akifundisha kompyuta katika sekondari ya kata. Miaka sita iliyopita wafadhili waliwaletea kompyuta kumi na moja. Hata muhula haukuisha, radi ikapiga nguzo ya umeme na maboksi yote, yaani mashine zenyewe, yakaungua. Vioo vikapona. Kwa nini vipone vioo tu, hakuna aliyejua. Vijana waliotumwa kutoka wilayani waliyachukua maboksi, wakasema yatarudi. Tangu hapo, somo lilifundishwa kwa chaki.

"Kwa hiyo mimi sina shida ya kioo," Mwalimu Ottilia akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Ninavyo kumi na kimoja. Niliposikia kuna kompyuta inayokuja bila kioo, nilisema hii imetengenezwa kwa ajili yetu. Nimekuja kuuliza tuombe vipi, na kwa nani."

Wendelin alishika bisibisi, akaiweka chini, akaishika tena.

"Mama, zile zilikuwa tetesi. Hiyo kompyuta haijatengenezwa. Huenda isitengenezwe kabisa."

"Sasa mbona ulisema?"

"Nilisema inasemekana."

"Hiyo 'inasemekana' haikufika kwetu," akasema. "Ilidondoka njiani."

Hakulia, hakugomba. Aliomba maji ya kunywa. Alipokwisha kunywa ndipo akasema kwamba wazazi walikwisha kupaka chokaa chumba cha kompyuta na kuweka nondo madirishani, na kwamba wanafunzi walisomba mchanga kutoka ufukweni mpaka shimo la mwisho la sakafu likazibwa. Wote walifanya hivyo kwa neno lake.

"Jumamosi nitashuka nikavione hivyo vioo," Wendelin akasema. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Labda kwa sababu mama alikuwa amesimama tayari kwenda, na safari ya kurudi ilikuwa ndefu.

"Ukija, usianze na wazazi. Nitawaambia mwenyewe."

Jumamosi alishuka na kompyuta ya kibandani mwake, ile aliyoitumia kupima vifaa vya wateja, ameifunga kwa blanketi. Mbinga alikuwa amevaa koti, Mbamba Bay akalivua, na alipofika kijijini shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa joto. Nyuma ya madarasa ziwa lilikuwa limetulia, na juu ya mawe kina mama walikuwa wameanika dagaa.

Chumba kilikuwa cheupe, kikinuka chokaa. Vioo vilikuwa juu ya meza, kila kimoja kimefungwa kitenge chake. Mwalimu alivifungua kimoja kimoja, akikunja kila kitenge kabla ya kugusa kingine. Wendelin alichomeka, akawasha, akahamia kinachofuata. Viwili vilikuwa vimekufa. Tisa viliwaka. Kila kilipowaka, wanafunzi waliobanana kwenye nondo za madirisha walipiga makofi.

Kwenye cha mwisho mkono wake ulisita. Aliitazama plagi ya bluu, pana, yenye pini kumi na tano, ya namna ile ya zamani. Alivipima vyote bila kulifikiria jambo hilo, na sasa lilimkalia mabegani kama gunia.

"Mwalimu, kuna jambo lingine. Kompyuta mpya siku hizi hazina tundu la plagi hii. Hata hiyo inayosemwa ingekuja, na vioo hivi isingeingiliana, mpaka mnunue kiunganishi kwa kila kimoja."

Mwalimu Ottilia akaketi. "Kwa hiyo hata ingekuja, isingekuwa yetu."

"Si kwa urahisi, mama."

"Mwezi wa kumi na mbili nastaafu," akasema. "Nilitaka niache chumba kinachowaka. Basi."

Wazazi walikuwa wakisubiri nje, watu kama ishirini. Mwalimu alitoka, akasimama mbele yao, akasema bila kuzunguka, "Ndugu zangu, nilikosea. Kompyuta hazipo. Niliamini sauti kabla ya kumuuliza mwenye sauti."

Mwenyekiti wa wazazi, Cuthbert, mvuvi mrefu mwenye sauti ya kuita mitumbwi, akasimama. "Mwalimu, tumeacha nyavu siku tatu kwa ajili ya nondo hizi. Huyo aliyesema uongo ni nani?"

Wendelin angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemjua pale. Lakini mama yule alikuwa amesimama peke yake juani, mikono imeshika kitenge.

"Sauti ni yangu," akasema. "Mwalimu hana kosa."

Cuthbert alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Basi tuambie wewe. Chumba tukifanyie nini?"

Wendelin akageuka, akalitazama boksi lake lililokuwa bado limewaka ndani, blanketi chini yake.

"Hili nawaachia," akasema. "Mengine nitatafuta. Siahidi idadi."

Njia nzima ya kupanda kurudi Mbinga alikuwa akijilaumu. Restituta alipomwona anashuka na blanketi tupu, aliuliza mara moja tu, akasikiliza, kisha akasema, "Nenda kwa wale waliokukimbia. Maboksi yao mabovu yanafugiwa kuku."

Akaenda. Alianza na Placidi, Matiri, akamkuta akigeuza kahawa kwenye kichanja. Boksi lake lilikuwa ghalani chini ya magunia.

"Kabla hujanipa, mzee, jua hili," Wendelin akasema. "Ile kompyuta haipo. Sauti ilikuwa yangu, na zilikuwa tetesi. Ukinipa hili utabaki bila kitu."

Placidi akacheka mpaka akakohoa. "Nyie mafundi mnaogopa kukosa kazi! Chukua, chukua. Mwezi wa saba ukipita, basi ni wa tisa."

Ilikuwa hivyo kila alikokwenda. Yeye alimwambia kila mtu ukweli, na kila mtu alimpa boksi kwa sababu hakumwamini. Wendelin alikuwa akirudi jioni na mizigo hiyo nyuma ya bodaboda, hana furaha wala aibu. Kuchoka tu. Alipata maboksi tisa. Kutoka hayo tisa akatoa matatu mazima, akitwaa feni huku na diski kule, kwa majuma saba.

Mwisho wa mwezi wa tisa, kwa matatu hayo na lile aliloliacha mwanzo, vioo vinne viliwaka kwa pamoja katika chumba cheupe. Wanafunzi walikuwa mia na kumi. Binti wa kidato cha pili, Siwema, aliitwa awe wa kwanza kuandika jina lake. Kwa miaka miwili alikuwa amejifunza kibodi iliyochorwa kwenye karatasi ya manila. Aliweka vidole mahali pake bila kuangalia chini, akaandika haraka, na kiooni hakikutokea kitu. Aliandika tena. Alikuwa akigusa herufi kama mtu anavyogusa karatasi.

"Bonyeza, mama," Mwalimu Ottilia akamwambia taratibu. "Hizi zinabonyea."

Siwema akabonyeza. S ikatokea, akaushika mdomo. Cuthbert, aliyekuwa mlangoni, akasogea ndani aone, akavua kofia.

Baadaye, watoto walipokwisha kutawanyika, Mwalimu na fundi walikaa kwenye benchi la nje. Mwalimu alimletea ugali wa muhogo na samaki, mbasa wa kuchoma, wakala, kila mtu na uchovu wake.

"Zitadumu muda gani?" Mwalimu akauliza.

"Mwaka. Tukiwa na bahati, miwili na ushee. Ndani ni mitumba mitupu, mama."

Mwalimu akahesabu kwa vidole, kidato cha pili, cha tatu, cha nne.

"Siwema atamaliza," akasema, akamsogezea kipande cha samaki kilichobaki.